Fonia Yetu na Habari ya Stanleyville 1964



Katika mkutano uliopita tulibishana sana juu ya fonia na simu ya ofisi yetu. Nani atashika ufunguo? Nani ataandika kitabu cha ujumbe? Inafaa majirani ambao si wanachama wajue tunachosema na wenzetu walio bado ng'ambo ya ziwa? Wengine walisema: tufunge mlango, habari ni mali. Wengine: mlango ukifungwa, watatuita wapelelezi. Kabla ya kupiga kura, tumeona vizuri kukumbusha mambo mawili yaliyopita katika inchi yetu, yote mawili juu ya makonsula, watu waliotumwa mbali na kwao ili wapeleke habari. Sisi tuliokaa kambini tunajua kazi ile ni nzito namna gani.

La kwanza ni la Boma, mwaka 1903. Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Bunge la Uingereza lilijadili mwezi wa Mei mateso ya watu wetu juu ya mpira, kiisha telegramu ikatumwa kwa konsula wao, Roger Casement, aende ndani akaone. Telegramu ilifika haraka, lakini telegramu haina macho. Casement alipanda mto mwenyewe. Hakutaka kutegemea meli za Serikali, juu ya zile zingempeleka paka pale wakubwa walipotaka. Alikodi meli ndogo ya wamisionari Wabatisti wa Marekani, jina lake Henry Reed. Alisimama vijijini, akasikiliza watu waliokatwa mikono na waliokimbia makwao, akaandika maneno yao. Mwezi wa Septemba alikuwa amesharudi, na ripoti yake ikachapwa London mwezi wa Februari 1904. Mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku ile, lakini uongo ulikuwa umevunjika.

Jambo moja tusilisahau. Wakubwa wa London walipochapa ripoti waliondoa majina ya watu na ya mahali, wakaweka herufi. Casement alikasirika, aliona ushuhuda umepunguzwa nguvu. Sisi tunaelewa pande zote mbili: jina la mtu aliyesema ukweli linaweza kumuua, na ushuhuda usio na jina ni rahisi kuukana.

La pili ni la Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mwaka 1964. Wazee wetu wengine waliona siku zile kwa macho yao. Simba walikuwa wametoka upande wa Kindu, wakaingia mjini siku za 4 na 5 Agosti. Konsula wa Marekani, Michael Hoyt, alikuwa amefika mwezi uliotangulia tu. Nyumba yake ya kazi ilikuwa na vyombo vizuri kwa wakati ule: mashine za kuandika kwa siri, na chumba chenye mlango wa chuma cha kuzilinda. Simba walipofika na kupiga risasi, Hoyt na wenzake wanne walijifungia ndani ya chumba kile. Walikuwa wameshachoma karatasi na kuvunja mashine za siri ili zisiangukie mikononi mwa wengine.

Tuangalie hapo vizuri. Saa ile ile walipohitaji kusema zaidi kuliko siku zote, njo walilazimika kuvunja mdomo wao wenyewe. Njia yao ilikuwa imejengwa ielekee Léopoldville na Washington. Haikuelekea mtaa wa Tshopo wala soko la mji. Chumba cha chuma kiliwaokoa siku ile, lakini kiisha wakashikwa, wakakaa mateka siku 111. Konsula wa Ubelgiji, Patrick Nothomb, naye alikuwa kati ya mateka.

Katika siku zile 111 uvumi ulishika nafasi ya habari. Ndege za serikali zikipiga mabomu, mateka ndio waliolaumiwa kwamba wameziita. Mtu mwenye radio ya kutuma ujumbe, hata kama ni ya kuombea dawa za hospitali, alikuwa katika hatari. Daktari mmisionari Paul Carlson, aliyetibu wagonjwa kule Wasolo, alitangazwa kwenye radio ya Stanleyville kuwa meja wa jeshi na mpelelezi, na kwamba atauawa. Raia wa mji waliosikia wangeuliza kwa nani kama ni kweli? Wagonjwa waliomjua walikuwa mbali sana.

Tarehe 23 Novemba wajumbe wa pande mbili, Thomas Kanza kwa upande wa Simba na balozi wa Marekani William Attwood, walizungumza Nairobi mbele ya Jomo Kenyatta. Hakukuwa masikilizano. Asubuhi ya tarehe 24 maparakomando wa Ubelgiji walishuka kutoka ndege za Marekani. Mateka walikuwa wameketishwa barabarani, na risasi zikapigwa. Hoyt na wenzake waliokoka. Carlson aliuawa alipokuwa anapanda ukuta ili akimbie. Mateka wengi waliokolewa, wengine kadhaa walikufa. Wakongomani waliouawa kabla na baada ya siku ile, kwa mikono ya pande zote, ni maelfu. Kwao hakuna konsula aliyepeleka telegramu.

Sasa turudi kwenye fonia yetu. Hatuna chumba cha chuma, na hatukitaki. Sisi ni warudi: tayari kuna wanaotuangalia kama wageni katika mashamba ya babu zetu. Tukisema na Tanzania usiku, mlango umefungwa, kesho yake mtaa utakuwa na maelezo yake, na sisi hatutakuwa na mtu wa kututetea. Kambini tuliwahi kuona mtu mmoja anaficha habari za njia na za safari ili auze. Familia zilipakia vyombo siku isiyokuwa ya kwao, wakalala nje na watoto.

Kwa hiyo komite inaleta mapendekezo haya. Fonia ikae mahali pa wazi, na saa zake zibandikwe mlangoni. Habari za njia, za bei, za ugonjwa na za usalama zisomwe kila juma mbele ya wote, pamoja na chefu wa mtaa, mwanachama na asiye mwanachama. Kinachofungiwa kiwe kimoja tu: daftari ya majina ya wajane, ya watoto wasio na wazazi, na ya wenye kesi za mashamba. Hapo Casement na wakubwa wake wangebishana tena, lakini sisi tunaishi na majirani hawa, na jina likitoka halirudi.

Tena, kabla ya kutuma neno lolote ng'ambo kwamba kijiji fulani ni salama, watu wawili wafike pale kwa miguu, wasikilize, walale, warudi. Familia itauza mbuzi na kupanda mashua juu ya neno letu.

Marafiki mnaotoa msaada, batiri na paneli ya jua tunazihitaji kweli. Mkiweza, ongezeni pesa ya safari ya wale wawili. Wanachama, leteni maoni yenu kwa wakubwa wa vikundi kabla ya mkutano. Hata yule aliyesema tufunge mlango, aje aseme tena. Tutamsikiliza.