Bima ya Ndege Ndogo na Paa za Bwiza

Mtaa wa Bwiza ulipangwa na Wabelgiji kando ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wakati Bujumbura ikiitwa bado Usumbura, na zamani hizo uliitwa Belge. Nyumba zake zimebanana paa kwa paa. Wakazi wake wanaijua bima, ambayo wengi huiita asiransi, kwa sababu ya gari na pikipiki. Bima ya ndege ndogo ya mtu binafsi huonekana kwao kama habari za matajiri wa mbali. Historia inatufundisha vingine. Ada ya bima hiyo katika kanda yetu imekuwa nzito kwa sababu mbili ambazo rubani mmoja peke yake hawezi kuziondoa, nazo ni uchache wa ndege na sifa ya anga lenyewe. Na bima hiyo inapokosekana, anayebeba hasara ni yule asiyepanda ndege kamwe, yaani mtu aliyelala chini ya bati.

Ndege zilifika Ziwa Tanganyika mapema. Juni 1916, mwezi ambao majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Usumbura, ndege zao nne zenye uwezo wa kutua majini, aina ya Short 827, zilikuwa ziwani humo, na zikaenda kuipiga mabomu bandari ya Kigoma iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Hizo hazikuhitaji bima, kwa kuwa hasara ya chombo cha vita hubebwa na serikali yake. Swali la bima lilikuja na mtu mmoja mwenye ndege yake. Kule London, soko la Lloyd's lilikuwa limeandika bima za kwanza za ndege mwaka 1911, lakini 1912 ajali zilifuatana hata walioziandika wakajitoa. Nairobi, Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929. Mwezi Mei 1931 Denys Finch Hatton, aliyekuwa na ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth, alianguka nayo Voi akafa. Hapo ndipo ugumu wa biashara hii ulipo tangu mwanzo. Bima husimama juu ya wingi: wengi hutoa kidogo ili mmoja asifilisike. Magari elfu kumi yakichangia mfuko, yale machache yanayogongana yatalipwa bila mtu kuumia. Ndege zikiwa kumi, moja ikianguka mfuko wote umekwisha.

Burundi haijapata kuwa na ndege nyingi za watu binafsi. Kampuni ya bima ya SOCABU ilipoanzishwa mwaka 1977, soko la bima la nchi lilikuwa changa, na hata makampuni yalipoongezeka baadaye, hakuna hata moja ambalo lingeweza kubeba peke yake hasara ya ndege moja na watu waliomo. Kwa hiyo kampuni ya Bujumbura hutafuta bima mtawanyo, yaani hujikatia bima yenyewe kwa makampuni makubwa zaidi ya nje, na bei hupangwa huko. Huko wanauliza thamani ya ndege, saa ambazo rubani amekwisha kuruka na aina hiyo ya ndege, viwanja atakavyotua, na mahali ndege inapolala usiku. Wanauliza pia vipuri vitatoka wapi na fundi yuko umbali gani. Ndege ileile yenye rubani yuleyule hugharimu zaidi kuitengeneza mahali ambapo kila kipuri kinaagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na gharama hiyo huingia katika ada.

Juu ya hayo kuna vita. Bima ya kawaida ya ndege haihusishi vita. Hatari hiyo hukatiwa bima yake peke yake. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba marais Cyprien Ntaryamira wa Burundi na Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Tarehe 4 Desemba 2000 ndege ya Sabena, shirika la Wabelgiji, ilipigwa risasi ikishuka Bujumbura, watu wawili wakajeruhiwa, na shirika hilo likasimamisha safari zake kuja hapa. Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya New York na Washington, kampuni za bima zilitoa notisi ya siku 7 tu kwa mashirika ya ndege duniani kote, zikapunguza hadi dola milioni 50 kiasi zitakachowalipa watu walio ardhini kwa madhara ya vita. Notisi hiyo haikupambanua nchi iliyoshambuliwa na nchi isiyohusika, wala mkubwa na mdogo.

Mtu atasema huo ni uonevu: rubani mwangalifu anaadhibiwa kwa makosa ya wengine. Ana haki kwa sehemu. Samaki mmoja akioza, mtungo wote huoza, na ndivyo ilivyokuwa Machi 2006, Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya mashirika yaliyopigwa marufuku katika anga lake, ambamo karibu mashirika yote ya Kongo yaliingia, mazuri na mabaya. Lakini kampuni ya bima haiwezi kumtofautisha mwangalifu pasipo kumbukumbu. Mahali ambapo ajali hazichunguzwi hadi mwisho na taarifa hazitolewi hadharani, mwangalifu hana cha kuonyesha, naye hupimwa kwa kipimo cha jirani yake. Dawa ya uonevu huo ni uchunguzi wa wazi, si kuikimbia bima.

Mwingine atasema hili ni shauri la matajiri, nao wajitegemee. Na atazame Goma. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228 iliruka, ikaangukia nyumba za watu muda mfupi baadaye. Watu walikufa ndani ya ndege, na wengine wakafia chini. Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996, ndege ya Antonov ilishindwa kuruka kutoka uwanja wa Ndolo, ikaingia katika soko la Simbazikita na kuua watu zaidi ya 200 waliokuwa sokoni. Muuza nyanya wa Simbazikita hakununua tiketi, na hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mkataba wa Roma wa mwaka 1952 uliliona hilo: ukamtaka mwenye ndege amlipe aliyeumizwa ardhini hata kama hakuna kosa lililothibitishwa. Mataifa yaliyouridhia yalikuwa machache. Kwa hiyo fungu la ada linalomhusu mtu wa tatu, yaani aliye nje ya mkataba, si anasa ya mwenye ndege. Ni haki ya mwenye paa.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba ada ikilazimishwa ikiwa ghali, wengine wataruka bila bima au wataacha kuruka kabisa, na ndege ndogo hubeba dawa na wagonjwa. Ndiyo maana amri peke yake haitoshi. Unahitajika mfuko mpana. Nao mfano tunao. Madereva wa malori yanayotoka Bujumbura kwenda bandarini wanaijua kadi ya njano ya COMESA, inayotambua bima moja ya mtu wa tatu katika nchi nyingi. Kampuni ya bima mtawanyo ya Africa Re ilianzishwa mwaka 1976 na ile ya ZEP-RE mwaka 1990 ili Waafrika wagawane hatari zao wenyewe. Hata ndege za Burundi zikiwa kumi tu, zikihesabiwa pamoja na zile za Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, si kumi tena. Serikali za kanda na ziwe na kadi moja kwa ndege ndogo, na zichapishe taarifa ya kila ajali. Mwenye ndege alipe ada inayobebeka, na ndege ikianguka Bwiza, mwenye nyumba alipwe bila kuombaomba.