Mwaka wa Kaya Hauanzi Januari: Lengo la Akiba na Sanduku la Makufuli Matatu

Ushauri wa akiba tunaousikia redioni na kwenye semina za benki umejengwa juu ya mshahara: tenga asilimia 10 kila mwezi, na mwisho wa mwaka utajiona. Kwa mwalimu au karani anayelipwa tarehe inayojulikana, hesabu hiyo inaingia akilini. Mkulima wa korosho wa Newala, ambaye sehemu kubwa ya fedha zake za mwaka humfikia katika msimu wa minada unaoanza Oktoba, hana cha kutenga mwezi wa Mei. Mama lishe wa Mbagala naye hujua kipato chake kila jioni anapoosha masufuria, na kwake mwezi ni mrefu mno. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba lengo la mwaka hudumu likianzia kwenye kalenda ya kaya yenyewe, yaani fedha huingia lini na hudaiwa lini, kisha likakabidhiwa utaratibu unaoshuhudiwa na watu. Azma ya mtu mmoja, hata iwe safi namna gani, haibebi miezi kumi na miwili.

Kwa hiyo kabla kaya haijauliza itaweka kiasi gani, iulize inaweka kwa ajili ya siku ipi. Muhula wa shule Tanzania huanza Januari. Ada za shule za serikali hadi kidato cha nne ziliondolewa kuanzia mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na nauli ya mtoto wa bweni bado vinatoka mfukoni mwa mzazi, na vyote hudaiwa ndani ya wiki chache zilezile. Kodi ya nyumba mijini huombwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima. Gharama hizi wengi wetu tunazitaja pamoja na dharura, ilhali tarehe zake tumezijua tangu mwaka uliopita. Kaya ikikaa chini ikazijumlisha, tayari ina lengo lenye kiasi na siku yake ya mwisho.

Kuliweka lengo ni kazi ya jioni moja; ugumu uko katika kulishika. Hapa vikundi vya kuweka na kukopa, yaani vikoba, vina mengi ya kutufundisha kuliko vitabu vingi vya fedha binafsi. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuunda vikundi vya wanawake huko Maradi, Niger, vilivyojulikana kwa Kihausa kama Mata Masu Dubara, na mtindo huo ulisambaa hadi kwetu. Wanachama kati ya 15 na 30 hukutana kwa kawaida kila wiki. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongwa mhuri kwenye kitabu chake mbele ya wenzake. Fedha huingia kwenye sanduku lenye makufuli matatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti. Wanachama hukopa humo na kurejesha kwa riba waliyojipangia wenyewe. Mwaka ukikaribia kutimia mikopo yote hurudishwa, kikoba huvunjwa, na kila mtu huondoka na akiba yake pamoja na faida.

Kanuni ya hisa moja hadi tano inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna ujuzi ambao ushauri wa asilimia 10 hauna. Tuseme hisa ni shilingi 2,000, kikundi kina vikao 48 kwa mwaka, na gharama za Januari za kaya ni shilingi 288,000. Hiyo ni wastani wa hisa tatu kwa wiki. Wiki ya msiba, mama hununua hisa moja. Wiki ya biashara nzuri hununua tano. Na lengo linabaki palepale. Kima cha chini humzuia asikose kabisa, maana atakayekosa wiki moja hupata wepesi wa kukosa ya pili. Kima cha juu humzuia asianze kwa mbwembwe Februari akachoka Aprili, na pia humzuia mwenye uwezo asiwameze wenzake katika mgawo. Utaratibu huu unatambua kwamba kipato cha watu wengi hupanda na kushuka, na hauwahukumu kwa hilo. Unachodai ni mtu kufika kikaoni.

Je, fedha ifungwe kiasi gani? Watafiti wametoa majibu yanayoonekana kupingana. Huko Mindanao, Ufilipino, Ashraf, Karlan na Yin walichunguza akaunti ambayo mteja alijizuia kutoa fedha hadi afikie tarehe au kiasi alichojiwekea. Matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba baada ya miezi 12 akiba ya waliopewa nafasi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa kiwango kikubwa. Lakini Dupas na Robinson, waliofanya kazi magharibi mwa Kenya na kuchapisha mwaka 2013, walikuta kwamba kisanduku cha kawaida ambacho ufunguo wake alibaki nao mwenyewe kilitosha kuongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kuifunga fedha kwa kazi moja maalumu kulisaidia hasa ilipokuwa ya dharura, au kwa watu wanaoombwaombwa na ndugu na marafiki. Akiba iliyofanywa kupitia kikundi nayo ilileta matokeo makubwa sana.

Nikizisoma tafiti hizo pamoja, naona zinaelekeza kwenye mifuko miwili. Mfuko wa lengo ufungwe kwa nguvu, uwe mbali na mkono. Mfuko wa dharura uwe mdogo na ufikike usiku wa manane mtoto akichemka homa. Vikundi vingi vilifika hapo siku nyingi: pembeni ya hisa vina mfuko wa jamii, ambao humsaidia mwanachama mwenye ugonjwa au msiba. Kaya inayofunga kila senti hadi Desemba inajitega, kwa sababu dharura ya Julai itaipeleka kwenye mikopo ya kausha damu, na riba yake itakula akiba ya miezi kadhaa kabla mwaka haujaisha. Sioni uadilifu wowote katika kuacha sanduku limefungwa huku mlangoni amesimama mkopeshaji.

Liko pia suala la nani analijua lengo. Wapo wanawake ambao kitabu chao cha hisa hakikai nyumbani, na sababu zao nazielewa: fedha ikijulikana, huombwa. Hata hivyo akiba iliyofichwa huwa ya mtu mmoja, na mume asiyejua kwamba kuna shilingi 6,000 zinazotoka kila wiki atapanga matumizi yake kana kwamba hazipo. Palipo na usalama wa kulizungumza, lengo litajwe mezani, kiasi chake kijulikane, na kila mmoja aseme atachangia nini.

Nirudi Newala, kwa kuwa ndiko mazoea ya kufuata Januari hadi Desemba yanakogharimu zaidi. Mwaka 2018 serikali iliingilia soko la korosho, ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo muda mrefu kuliko walivyotarajia. Aliyekuwa amepanga lengo lake lote juu ya fedha za msimu huo alibaki mikono mitupu. Sasa, kikoba cha huko kikivunjwa Desemba, fedha za mgawo hukutana na za korosho katika mwezi mmoja wenye sherehe nyingi, kisha miezi ya kupalilia na kupulizia mikorosho humkuta mkulima hana kitu. Vikundi vya maeneo hayo vingefaa kuanza mzunguko mara baada ya mauzo, viruhusu hisa nyingi katika wiki za mwanzo, na vivunje Mei au Juni, kabla ya kupulizia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe; maofisa wa halmashauri wanaovisaidia kuandika katiba zao wanaweza kuuliza swali la tarehe ya kuvunja siku hiyohiyo ya usajili, pamoja na swali la mahali sanduku litakapolala katika wiki za mwisho linapokuwa limejaa.