Nje ya Mtandao kwa Hiari

"Nje ya mtandao" ndiyo tafsiri iliyozoeleka ya kile ambacho wengi wetu bado tunakiita oflaini. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili huja kama taarifa ya shari: bando limekata, au mnara umegoma. Katika programu ya barua pepe maneno hayohayo ni jina la swichi. Mtandao upo, MB zipo, ila mwenye kompyuta ameamua programu itulie.

Maana ikiachwa haitulii. Programu ya Thunderbird, usipoigusa, hukagua barua mpya inapofunguliwa na kila baada ya dakika 10. Watu huondoa tiki kwenye visanduku viwili vya mipangilio hiyo wakadhani wamemaliza. Bado. Tangu 1997 itifaki ya barua ya IMAP ina amri iitwayo IDLE: programu huacha muunganisho wazi, na seva ndiyo inayopiga kelele barua ikiingia. Amri hiyo haijali ukaguzi wa kila dakika 10 uliouzima. Ina kisanduku chake, kile cha arifa za papo hapo, kwenye mipangilio ya seva. Hata nacho ukikizima, ukibofya folda tu programu itakimbilia seva kuona kuna nini.

Ndipo swichi inapohitajika. Iko kwenye menyu ya faili, na pia kama alama ndogo kwenye kona ya chini kushoto ya dirisha. Ukiibofya, miunganisho ya barua hukatwa. Zilizokwisha kupakuliwa zinasomeka, majibu yanaandikika, na ukituma yanakaa kwenye kikasha cha zinazosubiri kutumwa. Unaweza pia kuiagiza programu ianze ikiwa nje ya mtandao kila inapofunguliwa, au ikuulize kwanza.

Kwa hali yenyewe, "nje ya mtandao" inatosha; sioni haja ya kubuni lingine. Kwa kitufe ningependa kitenzi: "jitoe mtandaoni", kinachoonyesha nani ameamua. Na agizo la kuiambia programu isijiunganishe "kiotomatiki" linaweza kusemwa kwa urahisi zaidi, "isijiunganishe yenyewe". Ila tusifupishe tukasema "isijiunge". Kwa Mtanzania, kujiunga ni kununua bando, na msomaji atadhani programu inamla salio.

Kabla ya kujitoa, pakua folda unazozihitaji, kwani barua ambayo haijashuka itakuonyesha kichwa bila mwili. Na wakati wa kurudi, angalia mpangilio wa zile zinazosubiri: programu inaweza kuzituma papo hapo, kukuuliza, au kuziacha zilipo. Ikiwa umechagua la tatu, barua ya maombi ya kazi uliyoiandika jana itabaki kwenye kompyuta yako hadi uitume mwenyewe.