Roketi Iliyoanguka Luvua

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Nasoma historia Dar es Salaam. Kila ninapotaja kwamba mama yangu ni mtu wa Kilwa, wenzangu darasani hudhani ni Kilwa Kisiwani, ile ya magofu na sultani. Kilwa ya mama ni mji mdogo wa Kongo, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu. Ndiyo sababu nyumbani tulikua na lugha mbili: Kibemba cha baba na Kiswahili cha Katanga cha mama.

Lugha hizo mbili ndizo zilizonipatia kazi ya kujitolea. Walimu wachache wa sayansi walikuwa wamegeuza chumba kimoja cha shule kuwa maonyesho ya anga. Hayakuwa makumbusho makubwa. Kulikuwa na picha za sayari ukutani, mfano wa mwezi uliotengenezwa kwa karatasi na gundi ya unga, darubini moja ya kuazima, na roketi ya chupa ya plastiki iliyorushwa uwanjani kwa maji na pampu ya baiskeli. Wanafunzi walikuja, na baada yao wakaja wazazi, wavuvi na wachuuzi wa soko la Kashikishi. Kwa kuwa wachuuzi wengi huvuka ziwa kutoka Kongo, walimu walihitaji mtu wa kueleza kwa Kiswahili. Nikasimama pale wiki tatu.

Insha hii inahusu jambo lililotokea katika wiki ya pili, na historia niliyolazimika kujifunza kwa sababu yake.

Ukuta wa maonyesho yetu ulisimulia habari inayojulikana. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik. Mwaka 1961 Yuri Gagarin akazunguka dunia. Mwaka 1969 Wamarekani wakatua mwezini. Mwishoni mwa ukuta kulikuwa na picha ndogo ya Mzambia mmoja aliyevaa kofia ya chuma na joho, Edward Mukuka Nkoloso. Watu walipofika kwenye picha hiyo walicheka, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuwasaidia kucheka.

Nkoloso anajulikana sana Zambia. Alizaliwa mwaka 1919 upande wa kaskazini, akapigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la Rhodesia ya Kaskazini, akarudi akawa mwalimu. Mwaka 1964, nchi ilipokuwa inapata uhuru, alitangaza kwamba Zambia ina chuo chake cha utafiti wa anga na kwamba itawashinda Wamarekani na Warusi kufika mwezini, na hata kwenye sayari ya Mars. Kwenye shamba nje ya Lusaka alifundisha kikundi kidogo cha vijana. Mmoja wao alikuwa msichana, Matha Mwamba, ambaye angesafiri pamoja na paka. Vijana waliingizwa ndani ya pipa la mafuta na kuviringishwa mlimani, ili wazoee hali ya kukosa uzito. Nkoloso aliomba pauni milioni 7 kutoka UNESCO. Fedha hazikuja. Matha alipata mimba na wazazi wake wakamrudisha nyumbani. Waandishi wa habari wa Ulaya na Marekani walipiga picha, wakaandika kwa dhihaka, wakaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia, nikimalizia na pipa. Pipa lilichekesha kila mara.

Siku hiyo ya wiki ya pili aliingia mzee mmoja mwenye umri wa miaka sitini na kitu, begani amebeba mfuko wa nyavu. Alikuwa amevuka kuja kununua vifaa vya uvuvi. Alizunguka ukuta mzima bila kusema, mikono nyuma. Alipomaliza akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao:

"Mwanangu, na ile yetu iko wapi?"

"Ipi, mzee?"

"Ile roketi ya Bazungu. Ilianguka kwetu, ku Luvua. Mobutu mwenyewe alikuwa pale."

Nilikuwa na kundi la wanafunzi nyuma yangu, na wote walikuwa wananitazama ili niwatafsirie. Mto Luvua ninaujua: maji ya Luapula huingia ziwani kwetu kutoka kusini, na maji hayo hayo hutokea Pweto upande wa kaskazini yakiitwa Luvua, yakielekea Lualaba. Nilijua ni pori na vijiji. Nikawageukia wanafunzi nikasema kwa Kibemba kwamba mzee anasema roketi ya mwezini ilianguka shambani kwake, na Mobutu akaja kuiokota.

Yeye hakusema hivyo. Lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Kibemba cha mzee kilimtosha kuelewa kilichompata. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto wa ndugu yake aliyekosa adabu mbele ya wageni, akachukua mfuko wake wa nyavu, akatoka.

Usiku nilimsimulia mama kama kichekesho. Mama hakucheka. Aliendelea kupepeta chisense, kisha akasema, "Marehemu mjomba wako alikuwa akiisema hiyo habari." Nikatoka nje kutafuta mtandao kwenye simu. Ziwani taa za wavuvi wa chisense zilikuwa zimetanda kama mji. Nilisimama pale hadi betri ikakaribia kuisha, na baadaye, niliporudi chuoni, nikasoma zaidi. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Katikati ya miaka ya 1970 mhandisi Mjerumani, Lutz Kayser, alianzisha kampuni iliyoitwa OTRAG. Ilikuwa miongoni mwa kampuni binafsi za kwanza duniani kutaka kurusha setilaiti kwa biashara, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa ya serikali kubwa tu. Mwenyekiti wake alikuwa Kurt Debus, mtu aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Anga cha Kennedy huko Marekani. Kampuni ilihitaji eneo kubwa lenye watu wachache, karibu na ikweta. Serikali ya Mobutu Sese Seko ikaipa haki ya kutumia eneo la takriban kilometa za mraba 100,000 katika jimbo la Shaba, yaani Katanga ya zamani. Mitambo ya kurushia ilijengwa juu ya uwanda unaotazama bonde la Luvua.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya pili iliruka Mei 1978. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978, na Mobutu alikuwepo kutazama. Ilipanda, ikapoteza mwelekeo, ikaanguka katika bonde la Luvua.

Kwa hiyo kila neno la mzee lilikuwa kweli. Roketi ilikuwa ya Wazungu, ilianguka kwao Luvua, na Mobutu mwenyewe alikuwa pale.

Jambo lililonikalisha chini zaidi ni jinsi roketi hizo zilivyotengenezwa. Kayser alitaka roketi ya bei nafuu. Badala ya injini moja kubwa, alifunga pamoja mabomba membamba yanayofanana, kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni. Mafuta yake yalikuwa ya jamii ya mafuta ya taa, yakiunguzwa kwa asidi ya nitriki. Na vali za kuruhusu mafuta zilifunguliwa na mota za waipa, zile zinazofuta mvua kwenye kioo cha gari. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Wavuvi wetu walivua chisense kwa taa za mafuta ya aina hiyo kwa miaka mingi kabla ya taa za betri. Mota za waipa zinauzwa Kashikishi, zimetolewa kwenye magari mabovu.

Hapo nikamkumbuka Nkoloso na pipa lake. Mtu mmoja alichukua pipa la mafuta, dunia ikacheka kwa miaka sitini, na mimi nikacheka nayo. Mtu mwingine alichukua mota za waipa, akapewa eneo kubwa kuliko nchi nyingi. Sisemi kwamba walikuwa sawa. Kayser alikuwa mhandisi wa roketi, na roketi zake mbili ziliruka kweli. Nkoloso hakurusha kitu. Ninachosema ni kwamba kicheko chetu hakikutokana na kupima kazi zao. Tulikuwa tumeshaamua kabla ya kutazama nani anaruhusiwa kuota ndoto kwa vyuma chakavu.

Hata kuhusu Nkoloso mwenyewe nilikuwa nimeacha nusu ya habari. Kabla ya kuwa mtu wa roketi alikuwa mpigania uhuru. Katika miaka ya 1950 alikamatwa na kuteswa na wakoloni katika wilaya ya Luwingu, jirani na jimbo letu. Baada ya uhuru alifanya kazi katika kituo cha Lusaka kilichosaidia vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Mwaka 2017 mwandishi Namwali Serpell, mzaliwa wa Lusaka, aliandika makala akiuliza kama chuo kile cha anga kilikuwa pia mzaha wa makusudi dhidi ya wakoloni, au pazia la kuwafundishia vijana siasa. Nkoloso aliwahi kuandika kwamba mmisionari atakwenda Mars, lakini asiwalazimishe wenyeji wa huko kuwa Wakristo. Mtu aliyesomeshwa na wamisionari akiandika hivyo, yafaa tujiulize nani alikuwa anamcheka nani. Alipofariki mwaka 1989 alizikwa kwa heshima za taifa.

Mwisho wa OTRAG nao una funzo lake. Muungano wa Kisovyeti ulidai kwamba Wajerumani wanajaribu silaha kwa siri katikati ya Afrika. Shaba yenyewe ilikuwa imevamiwa na waasi mwaka 1977 na tena mwaka 1978, vita vya Kolwezi vikapiganwa wiki chache tu kabla ya roketi ya tatu. Mwaka 1979 Mobutu aliifukuza kampuni, nayo ikahamia Libya. Mkataba ulitiwa saini na kuvunjwa mbali na Luvua. Waliobaki pale ni watu kama yule mzee, wenye kumbukumbu ya moto uliopanda na kuanguka.

Ukilinganisha na pwani yetu utaona tofauti. Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, setilaiti ya Marekani iliyorushwa pale ilipewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei kutoka angani. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili na imo vitabuni. Roketi za Luvua ziliruka mbele ya watu wanaosema Kiswahili pia, lakini habari yao imeandikwa kwa lugha nyingine, na mashahidi wake wanapoisimulia kwa Kiswahili wanachekwa na mwanafunzi wa historia.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kashikishi, mahali mitumbwi ya ng'ambo inapotia nanga. Nilimwelezea mzee kadiri nilivyoweza: urefu wake, mfuko wa nyavu, namna anavyotembea mikono nyuma. Wapiga kasia waliniambia amekwisha ondoka alfajiri na mashua ya kuelekea Pweto. Wakaniuliza jina lake ili wampelekee salamu. Sikuwa nalo.

Nilirudi chumbani kwetu nikaomba karatasi kubwa kwa walimu. Nikaandika kwa Kibemba, Kiswahili na Kiingereza habari ya roketi tatu za Luvua, tarehe zake na mahali ilipoanguka ya tatu. Nikachora ramani ya ziwa, mto na uwanda, ili mtu wa Nchelenge aone kwamba ni upande ule ule wa maji yetu. Nikaibandika kati ya Gagarin na watu wa mwezini. Karatasi ya Nkoloso pia nikaiandika upya. Pipa nikaliacha, kwa sababu ni kweli, ila nikaongeza Luwingu na kituo cha Lusaka. Watu waliendelea kucheka pale kwenye pipa, na sikuwakataza, lakini sasa walibaki wamesimama wakisoma.

Siku ya mwisho mvulana wa darasa la sita aliisoma karatasi ya Luvua hadi chini, kidole kikifuata mto kwenye ramani.

"Dada, nani aliyeiona ikianguka?"

"Mzee mmoja wa ng'ambo," nikamwambia. "Alisimama hapa hapa ulipo."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikumuuliza.