Shaba Mkononi na Shaba Nguzoni

Ukitoka mitaa ya Parklands, mjini Nairobi, ukashika njia iendayo katikati ya mji, utafika kwenye kilima kilichobeba Makumbusho ya Taifa. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1930, na katika zama za ukoloni liliitwa kwa jina la Coryndon, aliyekuwa gavana wa Kenya. Humo imehifadhiwa michoro mingi ya Joy Adamson, ambaye mwaka 1949 serikali ilimpa kazi ya kuchora watu wa nchi hii pamoja na mapambo yao. Itazame kwa makini, ewe msomaji. Usitazame nyuso tu, bali mikono, shingo na masikio. Utaona vikuku, mikufu na vipuli vya madini. Yafaa ujiulize: shaba ilifikaje huku?

Nyingi ilitoka mbali. Katika karne ya 19 misafara kutoka Mombasa na Pangani ilibeba bara nguo, ushanga na waya. Waya mnene Waswahili waliuita masango, na ule mwembamba udodi. Waya huo haukuwa pambo tu, bali ulikuwa fedha pia: ulinunua chakula na pembe za ndovu, tena ulilipwa hongo kwa wenye nchi ili msafara upate njia. Mfua shaba aliupasha moto, akaugonga juu ya fuawe, au akauvuta katika matundu ya bamba la chuma mpaka ukawa mwembamba. Wakamba walisifika kwa mikufu yao myembamba. Kikuku kilichokatika hakikuwa taka, maana shaba yake iliweza kufuliwa tena. Kwa hiyo sanaa ya kutumia shaba chakavu si jambo la jana.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani mwaka 1901. Pamoja nayo zilisimamishwa nguzo zenye waya wa simu. Sasa fikiri: kitu kile kile ambacho msafara ulikilipa kwa pima ili upite, serikali ngeni ilikitandaza hewani, siku nyingi za safari, katika nchi ambayo haikuombwa ruhusa. Wanandi waliukata waya huo, wakaufanya mapambo. Serikali iliita tendo hilo wizi, na likawa miongoni mwa sababu ilizozitoa za kupeleka majeshi Nandi. Hata hivyo Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna mpaka mwaka 1904, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1905 kwamba Wazungu nao wangeshawishika, lau nguzo za kwao zingetundikwa vitu wanavyovithamini. Lakini usidanganyike ukadhani vita vile vilikuwa vya waya. Vilikuwa vya nchi na utawala wake. Oktoba 19, 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi akauawa, na baadaye Wanandi wengi walihamishwa kutoka ardhi iliyokuwa karibu na reli.

Kazi ya mikono haikufa. Leo mafundi wa Nairobi, kama wale wa Kibera, hugeuza kufuli na mifereji mikuukuu kuwa pete, hereni na bangili. Shaba ina tabia yake: kila inapogongwa huwa ngumu, na fundi asiye na subira huipasua. Mjuzi huirudisha motoni hata iwe nyekundu, ikalainika, ndipo aendelee kuigonga. Mwisho huisugua kwa ndimu na chumvi, ikang'aa.

Lakini swali la mwaka 1900 limerudi katika vazi jipya. Waya na transfoma za umeme zimeharibiwa mara nyingi kwa ajili ya shaba iliyomo. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na giza kuienea karibu nchi nzima, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Fundi aliyenunua kufuli mbovu kwa haki akakosa malighafi kwa kosa la mwingine.

Je, mkata waya wa leo ni sawa na yule wa Nandi? Matendo yafanana, hali hazifanani. Waya wa zamani ulipita katika nchi ya watu bila idhini yao. Waya wa leo ni mali yetu sote, nao huwasha taa katika chumba cha kujifungulia mama yako au dada yako. Basi ukiona bangili nzuri sokoni, isifu kazi ya fundi, kisha umuulize kwa adabu shaba yake imetoka wapi. Fundi mwaminifu hataona uzito kukujibu. Nawe utakuwa umejifunza kazi ya mwanahistoria, ambayo ni kuuliza asili ya kitu kabla ya kukihukumu.