Gompertz na Cox: Njia Mbili za Kupima Muda wa Uhai

Mwenye kupima muda wa uhai wa watu hukutwa na shida ya kale: siku ya kufunga daftari, wengi aliowaandika wangali hai. Ajali yao, kwa maana ya asili ya neno hilo, yaani muda aliowekewa mtu, haijafika. Je, adhani sura ya kile asichokiona, au aiache wazi?

Benjamin Gompertz wa London alidhani. Alikuwa Myahudi aliyefungiwa milango ya vyuo vikuu kwa ajili ya dini yake, akajifundisha hesabu mwenyewe, kisha akawa mkuu wa hesabu katika kampuni ya bima ya Alliance. Mwaka 1825 alieleza kwamba kwa watu wazima hatari ya kufa haiongezeki kwa kujumlishwa bali kwa kuzidishwa. (Hatari hapa ni kiasi cha wafao katika muda mfupi miongoni mwa waliosalia hai.) Kwa tarakimu mbili tu, moja ya kuanzia na moja ya kupandia, aliweza kuandika jedwali la vifo. Hiyo ndiyo modeli ya kiparametriki: sura hutajwa kwanza, kisha takwimu huulizwa ukubwa wake. Kanuni hiyo haikuwafaa watoto wachanga, ambao hatari yao hushuka kwanza. Na mwaka 1860 William Makeham aliiongezea kiasi kisichofuata umri. Lakini ilimfaa mwenye bima, impasaye kutoza leo bei ya kifo cha miaka 30 ijayo.

David Cox, mwaka 1972, alikuwa na swali jingine. Tabibu ajaribuye dawa mbili ataka kujua kama waliopewa hii hufa upesi kuliko wenziwao. Sura ya hatari yenyewe haimhusu. Basi Cox aliiacha wazi. Kila mmoja afapo, hulinganishwa na wote waliokuwa hai saa ile, na katika ulinganisho huo hatari ya msingi hujifuta yenyewe, juu na chini ya sehemu. Hubaki mfuatano wa vifo, si umbali baina yao. Ndiyo maana ya nusu-parametriki. Walakini sharti lipo: uwiano wa hatari baina ya makundi usibadilike. Upasuaji, uwezao kuua mapema na kuokoa baadaye, hulivunja.

Nadhani wengi walioishika njia ya Cox waliishika kwa mazoea kuliko kwa hoja. Ni kweli kwamba Bradley Efron alionyesha mwaka 1977 kuwa hasara yake mara nyingi ni ndogo. Lakini Cox mwenyewe, katika mazungumzo na Nancy Reid yaliyochapwa mwaka 1994, alisema kwamba yeye angependelea kwa kawaida modeli ya kiparametriki. Kwani mgonjwa mmoja aulizapo yatakayompata, ni rahisi zaidi kumjibu kwa njia hiyo.