Aibu ya Juma Moja: Maasi ya Askari wa Tanganyika ya 1964 na Jina la Taifa Changa

Waswahili husema kwamba jina jema hung'aa gizani. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kumhusu mtu mmoja, lakini yaweza pia kutumiwa kulihusu taifa, maana taifa nalo lina jina ambalo majirani hulitaja lisipokuwapo. Jina hilo halikai mikononi mwa mwenyewe. Hukaa vinywani mwa watu wengine, na ndiyo maana wenye kutawala hulionea wasiwasi mkubwa, hasa nchi inapotikisika. Makala haya yanachunguza tukio moja ambamo wasiwasi huo ulijidhihirisha waziwazi, nalo ni maasi ya askari wa Tanganyika ya mwezi wa Januari 1964. Swali lililo mbele yetu ni hili: jina la nchi likiisha kuchafuka, husafishwa kwa njia gani, na nani hulipa gharama ya kulisafisha?

Hali ya nchi kabla ya maasi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye, siku iyo hiyo, ikawa Jamhuri chini ya Rais Julius Nyerere. Uhuru ulipatikana bila ya damu kumwagika, na jambo hilo liliipa nchi sifa njema mno ng'ambo. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliichagua Dar es Salaam kuwa makao ya Kamati ya Ukombozi, yaani kamati iliyopewa kazi ya kuwasaidia wapigania uhuru wa nchi ambazo zilikuwa bado chini ya wakoloni. Basi nchi hii haikuwa ikitazamwa na Wazungu peke yao. Wanamapinduzi wa kusini mwa Afrika waliiona kuwa nyumba yao ya pili.

Hata hivyo, ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na chumba ambacho uhuru ulikuwa haujaingia barabara. Jeshi la nchi lilikuwa na vikosi viwili tu, kimoja katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, na cha pili Tabora. Vikosi hivyo vilitokana na lile jeshi la kikoloni lililojulikana kwa jina la King's African Rifles. Bendera ilikuwa imebadilishwa na jina pia, lakini maofisa wengi wakubwa walikuwa bado Waingereza, na kamanda wa jeshi, Brigedia Patrick Sholto Douglas, alikuwa Mwingereza vilevile. Mishahara ya askari wa kawaida ilikuwa midogo, ilhali walikuwa wakiwaona Waafrika wenzao wakipanda vyeo katika ofisi za serikali. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali ilitangaza kwamba katika kuajiri watumishi wa serikali, raia wote watahesabiwa kuwa sawa bila ya kujali rangi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini masikioni mwa watu waliokuwa wakingoja kwa hamu nafasi za wageni zishikwe na Waafrika, ulisikika kama habari ya kuchelewesha. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi nao walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya jambo hilo kwa muda mrefu.

Kisha kukatokea jambo la karibu zaidi. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sultani wa Unguja, iliyokuwa na umri wa mwezi mmoja tu tangu uhuru wa visiwa hivyo, ilipinduliwa. Tanganyika iliwapeleka Unguja polisi wapatao 300 wakasaidie kurudisha utulivu. Kwa hiyo mji mkuu ulibaki na ulinzi haba wakati ule ule ambapo habari za mapinduzi zilikuwa zikizungumzwa katika kila baraza.

Juma lenyewe

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini na kushika mahali muhimu, pamoja na uwanja wa ndege na kituo cha redio. Madai yao yalikuwa mawili: maofisa wa kigeni waondoke, na mishahara iongezwe. Hawakutangaza serikali mpya, wala hawakuwa na mtu wa kumweka Ikulu. Waziri aliyekwenda kuzungumza nao alikuwa Oscar Kambona, aliyekuwa akishughulikia mambo ya nchi za nje na ulinzi. Rais na Makamu wake, Rashidi Kawawa, walifichwa mahali pa salama. Maofisa wa Kiingereza wakasafirishwa kwenda Nairobi. Siku ya pili kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Mjini Dar es Salaam maduka yaliporwa, hasa ya Wahindi na Waarabu, na watu kadhaa wakapoteza maisha yao.

Rais alipojitokeza tena mbele ya watu, hakusema kwamba lililotokea ni jambo dogo. Alilieleza juma lile kuwa ni la aibu kubwa kwa taifa, akasema kwamba itachukua miezi, na hata miaka, kuyafuta katika mawazo ya ulimwengu yale ambayo ulimwengu uliyasikia. Maneno hayo yastahili kuangaliwa kwa makini. Kiongozi aliyenusurika kupoteza dola alizungumza juu ya masikio ya walimwengu. Yamkini mtu akadhani kuwa huko ni kujali sura kuliko mambo yenyewe. Lakini kwa nchi changa isiyokuwa na mali nyingi wala silaha nyingi, sifa ilikuwa ni rasilimali. Kwa sifa hiyo ilipata mikopo na wataalamu, ikapata pia haki ya kusema mbele ya mataifa juu ya ukombozi wa Msumbiji na Afrika Kusini. Atamsikiliza nani mtetezi wa uhuru wa jirani, iwapo yeye mwenyewe hawezi kulala kwake kwa amani?

Aibu iliyo kubwa zaidi ilikuwa bado kuja. Habari zilipopatikana kwamba baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walikuwa wakiwasiliana na waasi, serikali iliiandikia Uingereza ombi la msaada. Alfajiri ya tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza walitoka katika manowari iitwayo Centaur, wakatua Colito kwa helikopta, na kwa muda mfupi maasi yakawa yamekwisha. Askari walioasi kwa sababu ya kuwachoka maofisa wa Kiingereza walinyang'anywa silaha na Waingereza. Nchi iliyokuwa makao ya ukombozi wa bara zima ililindwa na mkoloni wa jana.

Njia tatu za majirani watatu

Tanganyika haikuwa peke yake. Tarehe 23 Januari askari wa Jinja, Uganda, walimzuia waziri wao, Felix Onama, aliyekwenda kuzungumza nao. Tarehe 24 Januari askari wa Lanet, karibu na Nakuru, nao waliasi. Milton Obote na Jomo Kenyatta waliomba msaada wa majeshi ya Kiingereza kama alivyofanya Nyerere. Kwa kuwa mambo haya yalifuatana kwa siku chache, na kwa kuwa Unguja ilikuwa imekwisha kupinduka, wengi huko ng'ambo walishuku kwamba kulikuwa na mkono mmoja wa siri uliokuwa ukivuta nyuzi zote. Dhana hiyo ilikuwa rahisi kuliko ukweli. Ukweli ni kwamba nchi tatu zilirithi jeshi la aina moja kutoka kwa bwana mmoja, na katika kila kambi dukuduku lilikuwa lile lile la mshahara na cheo.

Ugonjwa ulikuwa mmoja, bali matibabu yalitofautiana. Nchini Uganda askari walipewa nyongeza kubwa ya mshahara, na tangu hapo jeshi likajua kwamba serikali huogopa mtutu. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu siku ile makomando walipotua Colito, Idi Amin aliipindua serikali ya Obote. Kenya iliyazima maasi ya Lanet upesi, ikawashtaki waliohusika, na mwaka uo huo ikafanya mapatano ya ulinzi na Uingereza. Mapatano hayo yaliisaidia nchi kupata sifa ya utulivu, lakini sifa iliyoegemea bega la mtu mwingine.

Tanganyika ilishika njia ya tatu. Badala ya kuificha fedheha yake, iliwaita ndugu waje waitazame. Mwezi wa Februari 1964 mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa ombi la Nyerere mwenyewe, naye akawaeleza yaliyompata na kwa nini aliwaita Waingereza. Mkutano ulikubali kwamba askari wa Kiafrika wachukue mahali pa wale wa Kiingereza. Mwezi wa Aprili kikosi cha Nigeria kiliwasili, kikakaa hadi Septemba. Wakati huo jeshi la zamani lilikuwa limevunjwa, na vijana wapya walikuwa wakiandikishwa, wengi wao kutoka Umoja wa Vijana wa TANU. Tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi likaanzishwa rasmi, katika nchi ambayo tangu tarehe 26 Aprili ilikuwa imeungana na Unguja na Pemba. Jeshi hilo ndilo lililoingia Kampala mwezi wa Aprili 1979 na kumwondoa Amin.

Gharama ya kulisafisha jina

Hadithi hii ikikomea hapo itakuwa ni sifa tupu, na historia si utenzi wa kumsifu mtu. Juma lile la aibu lilizaa pia mambo mengine. Viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa baada ya maasi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na serikali. Kabla ya mwezi wa Januari kwisha, Rais aliteua tume ya kutafuta namna ya kuunda dola ya chama kimoja, na mwaka 1965 katiba ikauthibitisha mfumo huo. Ni kweli kwamba nia ya chama kimoja ilikuwapo kabla ya maasi, na kwamba sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya hukumu ilipitishwa tangu 1962. Lakini hofu ya kutikisika tena iliyapa mambo hayo kasi, ikawanyima wapinzani wake masikio ya kusikilizwa. Nani angethubutu kutetea chama huru cha wafanyakazi ilhali moshi wa Kariakoo ulikuwa bado mawazoni mwa watu?

Hapa hapana budi kutofautisha mambo mawili ambayo katika siku za msukosuko huchanganywa. Kutengeneza kilichoharibika ni jambo moja. Kuwanyamazisha wanaosema kwamba kimeharibika ni jambo la pili. Malalamiko ya askari hayakuwa siri. Mishahara yao ilijulikana, na sura za maofisa wao zilionekana kila siku katika gwaride. Malalamiko ya wafanyakazi juu ya nafasi za wageni yalikuwa yamesemwa hadharani. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa ulikuwa umeonekana, ila waliouonyesha walihesabiwa kuwa wakorofi. Baada ya ukuta kuanguka, serikali iliujenga upya kwa ustadi, lakini ikawaondoa pia baadhi ya watu ambao kazi yao ilikuwa ni kuonyesha nyufa.

Neno aibu katika Kiswahili lina pande mbili. Kuna aibu ya kuonwa, na kuna aibu ya kutenda. Mwenye kujali aibu ya kuonwa peke yake atafunga madirisha, na atamchukia mpita njia anayechungulia. Mwenye kujali aibu ya kutenda ataanza kufagia, hata kama dirisha li wazi. Uongozi wa Tanganyika ulijua aibu zote mbili. Ulipofungua dirisha mbele ya mawaziri wa Afrika ulipata jeshi jipya na heshima mpya. Ulipolifunga mbele ya wafanyakazi wake ulipata ukimya, na ukimya si utulivu.

Somo hili halikupitwa na wakati. Kenya, iliyosifiwa kwa amani kwa miaka mingi, ilishtushwa na jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, ambalo nalo lilitoka kambini. Ikashtushwa zaidi na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika siku zile za mwanzo wa 2008 walikuwapo waliosikitikia sifa ya nchi mbele ya watalii kuliko waliolala makanisani na viwanjani kwa kukosa makwao. Hatimaye Kenya nayo ilifungua dirisha. Wazee wa Afrika walikuja kupatanisha, wakiongozwa na Kofi Annan, na miongoni mwao alikuwamo Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akiwapo. Nchi iliyowaita ndugu waje waione fedheha yake mwaka 1964 sasa ilikuwa miongoni mwa ndugu walioitwa.

Kwa hiyo jina la taifa halilindwi kwa kuzuia habari zisitoke, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Hulindwa kwa kumsikiliza askari kabla hajabeba bunduki kuidai haki yake, na kumsikiliza mfanyakazi kabla hajaitwa msaliti. Ulimwengu ulikuja kuyasahau maasi ya Colito mapema kuliko Nyerere alivyohofia. Lakini wafanyakazi wa Tanganyika walingoja miaka mingi kabla ya kupata tena vyama walivyoweza kuviita vyao.